Simel Amejaa Chuma

Msichana Mukai alikuwa amejifunza kuendesha gari kwenda mbele. Kurudi nyuma hakuwa amefikia, na kugeuza gari barabarani lilikuwa somo la wiki iliyofuata. Kwa hiyo mwalimu wake, Simel, alipolala kwenye kiti cha pembeni mara tu walipotoka Kitengela, kidevu kifuani na mdomo wazi, Mukai alifanya alichokijua. Alikwenda mbele. Alipita Kisaju akiwa ameng'ang'ania usukani kama mtu anayening'inia mtini. Alipita Isinya akimwita Mungu na mwalimu kwa zamu. Malori yalimpigia honi, naye akayajibu kwa honi kila moja, akidhani ndiyo adabu ya barabara. Mafuta yaliisha wakiwa wanaiona Kajiado mbele yao, na gari liliposimama kimya Simel akafumbua macho.

"Tuko wapi?"

"Kajiado, mwalimu."

"Nani alikuambia uje Kajiado?"

"Na nani aliniambia nisimame? Si ulisema nisiwahi kusimamisha gari kwa barabara kuu bila ruhusa yako? Nimekuitisha ruhusa tangu Kisaju!"

"Si ungeniamsha!"

"Nilikufinya, mwalimu. Nilikufinya mguu mpaka nikaogopa watu wataona waseme mengine."

Habari ilifika Kitengela kabla ya gari. Jioni hiyo vijana wa bodaboda walimsalimia Simel kwa kuweka shavu juu ya kiganja na kukoroma. Mwenye shule ya udereva hakukoroma. Alimwita pembeni kwa upole, akanyoosha mkono na kuutoa ufunguo wa gari vidoleni mwake polepole, kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Nenda upone, Simel. Ukipona urudi. Lakini upone kabisa."

Mukai, kwa upande wake, alienda mtihani wa udereva akafaulu. Aliwaambia watahini kwamba yeye ni dereva wa masafa marefu.

Nyumbani hapakuwa na mtu asiyejua ugonjwa wa Simel. Alikuwa amechoka tangu mwaka uliopita. Vifundo vya vidole vyake viwili vya kwanza vilikuwa vimevimba, akishika gia anauma meno. Ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi, si weusi wake wa kuzaliwa bali weusi wenye kijivu ndani yake, kama sufuria iliyosuguliwa majivu. Mtaa mzima ulikuwa umeshatoa jibu: Simel hana damu. Mwenye duka la dawa alisema hana damu, akamuuzia chupa ya dawa ya kuongeza damu. Jirani alisema hana damu, akaleta maini. Mchungaji alisema hana damu, akaleta maombi, ambayo katika vyote vile ndiyo pekee yasiyokuwa na madhara.

Na mama yake alisema hana damu, akaleta damu.

Mama huyo kanisani aliitwa Rachel na kila mahali pengine aliitwa Yeyo, yaani Mama kwa Kimaa. Aliishi Kisaju na ng'ombe wake. Kila alipoona mwanawe amekonda, alimwita Koinet, kaka yake Simel, wakamkamata maksai mmoja, wakamfunga kamba ya ngozi shingoni mpaka mshipa ukatuna, kisha Koinet akaupiga kwa mshale wa ncha fupi. Damu iliruka ndani ya kibuyu. Kamba ilifunguliwa, kidonda kikazibwa kwa mavi ya ng'ombe, na maksai akaondoka akila nyasi kana kwamba aliyepigwa ni mwingine. Yeyo aliichanganya damu na maziwa, akajifunga leso yake nzuri na kuja Kitengela kibuyu kikiwa mapajani.

"Kunywa, mwanangu. Unywe yote."

Simel alikunywa yote. Kisha alilala.

Aliyemburuta hospitali ni mkewe, Munyiva, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye kibanda mbele ya nyumba yao. Kumbuka kwamba kumburuta mwanamume mrefu namna ile ni kazi, na Munyiva alikuwa mfupi. Alimtangulia akimshika mkono wa shati, na watu waliowaona walidhani amemfumania.

Daktari aliitwa Odero. Aliyatazama majibu ya maabara, akamtazama Simel, akayatazama tena majibu.

"Unakunywa pombe?"

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Sijauliza kanisa. Nimeuliza pombe."

"Sinywi."

"Unakula dawa gani?"

Munyiva alifungua mkoba akapanga mezani: chupa ya kuongeza damu, vidonge vya kuongeza damu, na kopo la unga wa kuongeza damu. Daktari alizitazama kama mtu anayeonyeshwa petroli na aliyeungua moto.

"Nani alikuambia huna damu?"

"Kila mtu."

"Basi kila mtu alikosea. Damu yako iko sawa kabisa. Kilichozidi ni chuma."

Simel alijitazama kifuani. "Chuma gani? Sijameza kitu, daktari."

"Chuma cha chakula. Kiko kwa nyama, maini, damu. Kila mtu anakihitaji kidogo. Mwili wangu ukishapata cha kutosha, unakataa kingine. Mwili wako haujui kukataa. Kikija unakikaribisha, kikija unakikaribisha. Na kikishaingia hakina njia ya kutoka, hata kwa mkojo. Kinatafuta mahali pa kukaa. Kinakaa kwa vidole, ndiyo vinauma. Kinakaa kwa ngozi, ndiyo imebadilika. Kinaweza kukaa kwa moyo, na kwa kongosho ukapata sukari. Chako kingi kiko kwa ini."

"Ini limeharibika?" aliuliza Munyiva.

"Limevimba. Bado linaweza kurudi. Lakini likianza kuwa gumu, mama, halirudi tena. Mimi sitaki kuwatisha. Lakini hii si kitu ya kungoja Krismasi."

Kicheko kilichokuwa mdomoni mwa Munyiva tangu mumewe alipojitazama kifuani kilikauka. Aliuliza mumewe aliupata wapi ugonjwa huo.

"Alizaliwa nao. Baba alitoa nusu, mama akatoa nusu, na huenda wao wenyewe hawakuumwa hata siku moja. Nusu moja haisumbui. Zikikutana mbili kwa mtoto, ndiyo hivi. Kwa hivyo hata ndugu zake waje wapimwe."

"Na dawa?"

"Dawa ni kumtoa damu."

Simel aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, mpaka mgonjwa aliyekuwa nje akachungulia kuona kinachogawiwa.

"Daktari! Mimi nimelala kwa gari mpaka mwanafunzi akanipeleka Kajiado. Sina nguvu ya kufunga kamba ya kiatu. Na wewe unataka kutoa hii kidogo imebaki?"

"Kila wiki," alisema daktari, bila kucheka. "Pakiti moja, mpaka kipungue. Mwili ukitengeneza damu mpya unachota kile chuma kilichojificha. Hakuna njia nyingine. Na hizi chupa zote mtupe. Hakuna maini, hakuna damu. Chakula ule na chai ya rangi, inapunguza chuma kuingia."

"Chai nitakunywa," alisema Simel, akisimama. "Hiyo ingine, ashe sana. Asante."

Jumamosi Yeyo alikuja. Munyiva alisikia sauti yake langoni, akasikia salamu, "Takwenya, yeyo," na jibu, "Iko," akasikia kifuniko cha kibuyu kikifunguliwa. Aliacha cherehani ikiwa na sindano ndani ya kola na kukimbia. Alifika sebuleni Simel akiwa amelaza kichwa nyuma, koo likipanda na kushuka.

Yeyo alipotoka kwenda kuwaona wajukuu, Munyiva alifunga mlango.

"Simel. Wewe ulikuwa hospitali na mimi, ama nilienda na mtu mwingine anafanana na wewe?"

"Ametoka Kisaju na jua hili."

"Daktari alisema ini."

"Maksai yenyewe ni ile yake ya mabaka. Unajua vile anaipenda."

"Ini, Simel!"

"Nitamwambia nini? Niambie maneno yenyewe, nitayasema. 'Yeyo, ile kitu umenilisha ndiyo inaniua'? Sema wewe, nisikie vile inasikika."

Munyiva alijaribu kuyasema kimoyomoyo, akaona kweli hayasikiki vizuri. Lakini hasira haikumwacha. Mtaani maneno yalikuwa yameshatoka. Alikuwa amemwambia jirani mmoja tu, kwa siri, na siri ikatembea na miguu yake. Mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuwa amesimamisha mkokoteni wake mbele ya kibanda asubuhi hiyo na kuuliza, kwa heshima zote, kama baba yuko nyumbani. Kijana wa bodaboda alimwonya Simel asipite karibu na sumaku. Watu walicheka, na Munyiva alicheka nao, kwa sababu ilichekesha, na usiku aliweka mkono juu ya tumbo la mumewe upande wa kulia akahisi pale chini ya mbavu palivyojaa.

Siku ya pili yake, baada ya kanisa, alienda Kisaju mwenyewe.

Munyiva na mama mkwe wake waliitana Paker. Siku ya harusi Yeyo alimpa bibi arusi kondoo, na kwa Wamaasai mliopeana kondoo mnaacha majina yenu na kuitana kwa kondoo huyo maisha yote. Kwa Mkamba aliyekuja kutoka Machakos bila kujua hata neno moja la Kimaa, jina hilo lilikuwa zawadi kubwa kuliko kondoo mwenyewe. Siku hiyo alilihitaji.

"Paker," alisema, kabla hata hajaketi. "Hiyo damu uache kumletea Simel."

Yeyo alikuwa akikamua. Hakuinua kichwa. "Kwa nini, Paker?"

"Inamuumiza. Daktari amesema amejaa chuma, na damu inaongeza."

"Huyo daktari ni Mkamba?"

"Mjaluo."

"Sasa Mjaluo anajua nini ya damu ya ng'ombe? Na wewe unajua nini? Nyinyi huko kwenu mnakula maharagwe na mahindi mpaka mkiona ng'ombe mnaomba msamaha." Maziwa yaliendelea kulia ndani ya kibuyu. "Nilijua tu. Tangu mwanzo hukutaka kibuyu changu jikoni kwako. Kinanuka moshi, si ndiyo?"

"Kinanuka moshi, ndiyo. Na nimekiosha miaka yote hii kwa mikono yangu, vile ulinifundisha. Nimewahi kukataa?"

Yeyo aliendelea kukamua.

"Basi usiniamini. Mimi ni Mkamba. Twende umuulize daktari mwenyewe. Ukimshinda kwa maneno, nitakuja hapa nishike hiyo maksai mimi mwenyewe kwa pembe."

Yeyo aliinua kichwa na kumtazama mkwewe mfupi kuanzia viatu vya kanisani hadi kitambaa. Wazo la Munyiva akining'inia kwenye pembe za maksai lilimshinda. Alicheka mpaka ng'ombe akasogea. "Hiyo nataka kuona," alisema. "Twende hata kesho."

Daktari Odero alirudia maelezo yake yote, polepole, huku Yeyo akisikiliza na fimbo yake magotini. Aliposikia habari za nusu na nusu, aliinua kidole.

"Nusu ametoa kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na nusu kwa baba yake?"

"Ndiyo."

"Hapo umekosea. Yule mzee, Mungu amlaze pema, hakuwahi kugawa kitu nami sawa kwa sawa."

Daktari aliinamisha uso kwenye karatasi zake kwa muda. Alipouinua, Yeyo hakuwa akitabasamu tena.

"Hizo kibuyu zangu," alisema. "Nimemuua?"

"Hapana. Ugonjwa ulianza kabla ya kibuyu chako. Lakini kila kibuyu kimeongeza. Na dawa ya duka imeongeza, na maini ya jirani. Hakuna aliyejua."

Yeyo alitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika ukoo ule, Munyiva alimwona mama mkwe wake akikosa neno, na hakufurahi hata kidogo. Aliweka kiganja juu ya mgongo wake. Yeyo alivuta pumzi, akaipangusa pua kwa ncha ya leso.

"Mnamtoa wapi? Shingoni?"

"Mkononi, mama. Kwa sindano."

"Na nani anashika kamba?"

"Nesi."

"Halafu hiyo damu?"

"Inamwagwa."

"Inamwagwa!" Hilo lilimuuma kuliko yote. Lakini alisimama. "Sawa. Mjaluo huyu anaongea kitu najua. Ng'ombe ikijaa damu, unaitoa, inakuwa nyepesi. Twende kwa huyo mjinga."

Walimkuta Simel kitandani. Yeyo hakumsalimu.

"Ulijua na ukaendelea kunywa. Kwa nini?"

Simel alimtazama mkewe, akatazama dari. "Kwa sababu uliniletea."

"Ningekuletea mafuta ya taa ungekunywa?"

Simel alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Yeyo alimpiga begani kwa fimbo, si kwa nguvu, kisha akaketi pale pale kitandani na kukishika kile kidole kilichovimba, akakisugua kama alivyokisugua kilipokuwa kidole cha mtoto.

"Nimetoa damu maksai tangu nikiwa msichana," alisema. "Hata moja haijakufa. Leo inatolewa, kesho inapigana. Wewe unaogopa nini?"

"Sina nguvu, yeyo. Nikiketi pale nitaanguka mbele ya watu. Nimechekwa ya kutosha."

"Hiyo tu? Basi niachie mimi."

Akatoka nje kumpigia simu Koinet.

Hospitalini nesi, Sista Ciku, alikuwa ameandaa kiti, mpira wa kufungia mkono na pakiti, na alikuwa akitarajia mgonjwa mmoja. Walikuja na gari zima la kubebea mifugo. Aliingia Simel amevaa shuka nyekundu juu ya suruali, Munyiva, Yeyo, halafu Koinet na wajomba na mabinamu kutoka Kisaju, na shangazi kutoka Embulbul ambaye alikuwa ameombwa mahususi kwa ajili ya ulimi wake. Walijipanga ukutani.

"Jameni, ni nini hii?" aliuliza Sista Ciku.

"Wamekuja kumtukana," alieleza Munyiva.

Ilibidi afafanue. Mvulana wa Kimaasai anapotahiriwa, jamaa zake humzunguka na kumtukana, wanamwambia atakimbia, atalia, ni mwoga, ili hasira imsimamishe na kope lisicheze mbele ya kisu. Simel alilipita jaribio hilo zamani bila kutikisika. Yeyo alikuwa ameamua lirudiwe.

"Hapa kuna wagonjwa!" alisema Sista Ciku.

"Sista, waache," alilia mzee mmoja kwenye foleni. "Tafadhali. Jino limenisumbua tangu asubuhi, wacha nicheke kidogo."

Simel aliketi. Sindano ilipotoka kwenye karatasi yake, uso wake ulipauka na goti likaanza kucheza. Koinet akapaza sauti.

"Simel! Uoga wako tumeunusa tukiwa Kisaju! Tulidhani kuna kitu kimekufa!"

"Mvueni hiyo shuka," alidakia shangazi, "mkamletee gauni! Nitampeleka Embulbul anioshee vyombo!"

"Mtu analala akiendeshwa na msichana!"

"Hata maksai ya mabaka ilikuwa mwanamume kuliko wewe, na ile imehasiwa!"

Mzee wa jino alicheka mpaka akashika shavu. Goti la Simel lilitulia. Taya lilikaza, macho yakaganda ukutani. Sindano iliingia. Damu ilianza kushuka ndani ya mpira, nyeusi na nzito, na chumba kizima kikanyamaza kuitazama, kwa maana hawa walikuwa watu wanaojua kutazama damu.

"Unaweza kupumua," alinong'ona Sista Ciku. "Unaweza hata kupepesa macho, baba. Hapa ni bure."

Simel hakupepesa. Pakiti ilijaa. Hakuanguka. Sindano ilipotolewa, Yeyo alijipenyeza mbele na kumkabidhi nesi kifurushi kidogo cha majani, bado kina joto.

"Ya kuziba," alisema.

Sista Ciku alikifungua, akakifunga haraka sana, akashukuru kwa adabu na kutumia pamba. Shangazi alipiga kigelegele. Munyiva alimpa mumewe kikombe cha chai ya rangi.

"Haya," alisema Sista Ciku, akivuta kiti karibu. "Daktari anataka ndugu pia. Kupima tu, chupa ndogo. Mkubwa ni nani?"

Ukuta wote ulimtazama Koinet. Koinet alitazama dirisha. Ghafla alikumbuka ng'ombe, kisima, na mtu aliyemwahidi kukutana naye Isinya.

"Mimi niko sawa," alisema. "Mimi siumwi kitu."

"Onyesha vidole," alisema Munyiva.

Alivificha chini ya shuka, lakini Yeyo alikuwa ameshauvuta mkono wake hadharani. Vifundo viwili vya kwanza vilikuwa vimetuna. Wajomba waliviangalia, wakaiangalia ngozi ya Koinet, ule weusi wake uliosifiwa kila harusi, na hakuna aliyecheka. Yeyo alienda akaketi kwenye benchi la mlangoni, fimbo ikilala mlangoni kama kizuizi.

"Keti, mwanangu," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Koinet aliketi. Sista Ciku alimfunga mpira mkononi, na kope la kushoto la mwanamume yule, shujaa wa mishale, likaanza kucheza lenyewe.

Simel aliweka kikombe chini. Alisimama, pamba ikiwa kiwikoni, akayumba kidogo, akakataa mkono wa mkewe. Alitembea mpaka mbele ya kaka yake, akajitupia shuka begani, akakohoa kusafisha koo.

"Koinet!" alinguruma, na jino la mzee likasahaulika tena. "Mtoto wa mama yangu! Nasikia harufu ya nini hapa?"